Kilichokuwa Ndani ya Bahasha

Mwaka wa kwanza Profesa Irureta aliingia mikono mitupu,
akaandika ubaoni: Dola ni nini?
Mfukoni nilikuwa na peso mia mbili
na tiketi ya basi la usiku kutoka Tacuarembó.
Sikunyoosha mkono.
Kijana wa mbele, koti la babake begani,
alijibu kwa sentensi moja ndefu
iliyopita juu ya vichwa vyetu bila kutua.

Jumapili ukapiga simu, sufuria zikigongana nyuma yako.
"Sayansi ya siasa," ukasema polepole,
kama mtu anayeonja mchuzi wa jirani.
"Ukimaliza utakuwa nani? Seneta?"
"Hapana, mama."
"Basi utaujua uongo wao kwa majina ya kitaalamu."
Nilicheka. Kisha nikayaandika hayo pembeni mwa daftari,
kwa penseli, yaweze kufutika.

Miaka minne.
Nilijifunza kwamba katiba ina mifupa,
kwamba mapinduzi huanza kabla ya tarehe yake,
kwamba kibuyu kimoja cha majani machungu
kikizunguka watu watano maktabani hadi kipoe
hakuna anayekumbuka zamu ni ya nani.
Nilijifunza kusema "kwa upande mwingine"
hata mezani kwako, ukaniuliza
upande upi, maana chumvi iko huku.

Uzamili, uzamivu: lugha ya wapiga mbizi,
nami nilizama kweli.
Chumba kisicho na dirisha, kompyuta inayokohoa,
vituo vyote vya kaskazini, namba chini ya namba.
Katika nchi hii kura ni lazima, mtoro hutozwa faini,
kwa hiyo hata asiyemtaka yeyote huenda,
huingia chumba cha siri, hufunga bahasha yake.
Safu ya mwisho iliitwa Zilizoharibika.
"Hizo zitupe," alisema Irureta, sasa mvi zimemtawala.
"Hizo ni kelele. Sisi tunatafuta sauti."

Julai, baridi kali, nilikukuta unamenya boga.
Chaguzi tatu umekaa kwenye meza ile na muhuri,
kwa kuwa mpishi wa shule ya serikali naye ni mtumishi wa umma.
Nikakuuliza, kwa mzaha tu,
zile zilizoharibika zilikuwaje.
Ukaweka kisu chini.

"Moja ilikuwa na kipande cha soseji. Kilinukia vizuri.
Moja, tiketi ya treni, ile treni waliyoiondoa.
Moja, jino la mtoto.
Na moja ilikuwa na barua, mwandiko wa darasa la tatu:
Daktari wa Jumanne haji tena. Nimemsubiri Jumanne kumi na moja."
"Mkaifanyaje?"
"Tukaigonga muhuri. Imeharibika."
Ukachukua kisu.
"Mimi ni mpishi, Graciana. Kilichoharibika nakijua kwa harufu.
Ile haikuwa imeharibika."

Nilirudi mjini nikaifungua safu ya mwisho.
Irureta hakuongea nami wiki mbili,
kisha akaniachia mlangoni kitabu cha maktabani
kimekunjwa ukurasa mmoja, bila neno.

Nilitetea tasnifu mwezi wa Novemba.
Mjumbe wa tatu kutoka kulia
alitaka kujua nadharia yangu hasa ni ipi.
Nilikuwa nayo, kurasa arobaini, nikaieleza.
Lakini wewe ulikuwa safu ya nyuma, mkoba magotini,
umevaa viatu vya harusi ya Nélida vinavyokubana,
na nilipofika kwenye barua ya Jumanne
nikakuona unatikisa kichwa,
unainua vidole, kumi, halafu viwili.

Nikaomba kalamu kwa mwenyekiti.
Kumi na mbili, nikasema. Samahanini.
Nikairekebisha pale pale, wakiningoja.